Kutoka baraza hadi geti: Nyumba za Dar zilivyobadilika, na malezi nayo

Pita Magomeni au Ilala jioni, bado utakuta nyumba zenye baraza mbele. Wazee wanacheza bao, akina mama wanasukana nywele, watoto wanakimbizana mtaani. Nenda Mbezi au Tegeta saa hiyohiyo, utakutana na ukuta, geti na mbwa anayebweka. Watoto wapo, ila wako ndani.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Ni safari ya miongo kadhaa, na kila hatua yake imegusa namna tunavyolea.

Vyumba sita, korido moja

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu walimiminika Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwaka 1948 jiji lilikuwa na watu wasiofika 70,000. Kufikia sensa ya 1967 walizidi 270,000. Serikali ya kikoloni ilijenga kota katika maeneo kama Ilala na Magomeni, lakini hazikutosha. Wengi waliishi katika nyumba za Kiswahili zilizojengwa na wananchi wenyewe kwa fito na udongo, zikaezekwa kwa makuti, madebe au bati.

Ramani yake inajulikana: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, choo, bafu na stoo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Chini ya paa moja ungekuta Mzaramo, Mnyamwezi na Mngoni, na watoto wao wote wakiongea Kiswahili uani.

Tusiipambe mno. Familia nzima ililala chumba kimoja, pazia likitenganisha kitanda cha wazazi na mkeka wa watoto. Choo kilikuwa cha foleni, na ugomvi wa maji na zamu ya kufagia haukuisha.

Uhuru na tofali la saruji

Mwaka 1962 lilianzishwa Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za udongo zilibomolewa katika maeneo kama Magomeni, zikajengwa za saruji. Nyingi zilifuata ramani ileile ya korido na ua, kwa sababu ndiyo watu waliyoizoea, na ndiyo iliyowapa kodi ya kulishia familia.

Miaka ya 1970 ukaja mpango wa viwanja vilivyopimwa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipata viwanja, barabara na maji, na mwananchi akajenga mwenyewe. Manzese haikubomolewa, iliboreshwa ilivyo. Benki ya Nyumba ilikopesha waliokuwa na sifa.

Benki hiyo ilipofungwa miaka ya 1990, familia nyingi zilibaki na njia moja: kujenga kidogokidogo. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, bati likipatikana. Ndivyo Kimara, Tabata, Mbezi na Tegeta zilivyojaa.

Nyumba mpya, upweke mpya

Ramani nayo ikageuka. Korido ya wapangaji ikaondoka, ikaja sebule. Jiko na choo vikaingia ndani, na wazazi wakapata chumba chenye bafu lake. Baraza likapungua hadi kibaraza cha kuvulia viatu. Mwisho ukaja ukuta, kisha geti.

Faida ni za kweli. Binti ana chumba chake cha kubadilishia nguo, mwanafunzi ana meza ya kusomea, na hakuna tena foleni ya choo usiku.

Lakini hasara ipo. Zamani mtoto akitukana, mama wa chumba cha tatu alimkanya, na jioni mzazi aliambiwa. Leo baba na mama wanatoka alfajiri kuikwepa foleni ya magari na kurudi watoto wamelala. Mtoto anabaki na dada wa kazi na televisheni. Akiumizwa na mtu wa ndani, ukuta uleule unaomzuia mwizi unamzuia pia jirani asisikie.

Hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni ya choo. Mzazi anaweza, hata hivyo, kurudisha kilichofanya baraza liwe na thamani: macho ya watu wengine. Jua majina ya majirani wa kulia na kushoto, nao wajue ya wanao. Geti lifunguliwe Jumamosi jioni, watoto wacheze nje na mtu mzima akiwa karibu. Ukijenga, weka benchi la saruji nje ya ukuta. Gharama yake ni mifuko michache ya saruji.

Tena mwulize mwanao swali moja leo: akipata shida wewe haupo, atakimbilia nyumba ipi? Kama hana jibu, anza kwa kubisha hodi kwa jirani.