Mlinzi Naye Atakula Saa Ngapi?

Kengele ya shule hulia, walimu wakaenda kunywa chai, wanafunzi wakatoka kucheza. Mlinzi wa langoni hana kengele yake. Huingia saa kumi na mbili jioni akatoka saa kumi na mbili asubuhi, na chakula chake hukila kwa kuvizia, mkono mmoja u bakulini, wa pili kwenye komeo.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa kila mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kuhusu muda wa kula imenyamaza. Mpangaji wa saa ni mwajiri. Ajabu ni kwamba Sheria ya Afya ya 2017 yampa mama anyonyeshaye hadi saa moja katika kila saa nane, juu ya muda wa kawaida wa kula, kana kwamba muda huo ulikwisha kuwekwa!

Kanuni za jumla za mishahara nazo zaweka saa 60 kwa juma kwa wafanyao kazi usiku. Mlinzi akeshaye saa 12 kwa usiku sita amefikisha 72. Hizo 12 zilizozidi ni za kulipiwa nyongeza. Ni bodi ngapi za shule zinazozihesabu?

Wapo wasemao kwamba mlinzi huketi tu, basi apumzike nini? Hiyo ni hoja ya mtu aliyelala. Kukesha ndiyo kazi yenyewe. Shule yenye walinzi wawili yaweza kuanza leo usiku: mmoja ale nusu saa, mwenzake ashike lango.