Python: alama za aina zapunguza hasara, lakini zina gharama

Mfanyabiashara anayeagiza programu ya hesabu huuliza bei yake na siku ya kukabidhiwa. Ni wachache wanaouliza imeandikwaje, ingawa hasara nyingi huanzia hapo.

Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, imependwa kwa kuwa huandikwa haraka. Haimlazimishi mtunga programu kutaja kama kitu ni namba au ni maandishi. Urahisi huo una hatari. Bei ya shilingi 500 ikiingizwa kama maandishi, kisha ikazidishwa kwa 2, jibu si 1,000. Kompyuta huyarudia maandishi hayo na kutoa 500500, bila onyo lolote.

Kinga yake ni alama za aina, zilizowekewa utaratibu rasmi katika toleo la 3.5 mwaka 2015. Mtunga programu hutaja kuwa bei ni namba. Chombo cha ukaguzi, kama mypy, hupitia kazi yote na kuonyesha kosa kabla halijamfikia mteja.

Dropbox ya Marekani, iliyoingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2018, ilitangaza mwaka 2019 kuwa mistari milioni 4 ya Python yake imekaguliwa kwa njia hiyo. Faida ni kwamba mfanyakazi mpya huielewa kazi ya wenzake mapema, na marekebisho makubwa hufanywa bila hofu nyingi.

Hata hivyo, kazi hiyo ilichukua miaka, na mypy yenyewe ilibidi iongezewe kasi. Kampuni ndogo haina mfuko wa namna hiyo. Mtunga programu anayebanwa na tarehe huweka alama ya "chochote", na mkaguzi hunyamaza. Daftari huonekana limekaguliwa, kumbe kurasa zimerukwa.

Isitoshe, Python haizisimamii alama hizo programu inapokuwa kazini. Takwimu zinazoingizwa kaunta bado zahitaji kuhakikiwa.

Walioziasisi walisema wazi kuwa hazitakuwa za lazima. Kwa hiyo ni mnunuzi anayepaswa kuzidai. Mwenye fedha kidogo aanze na sehemu zinazogusa bei, madeni na kodi, na sharti hilo liandikwe katika mkataba kabla ya malipo ya kwanza.