Kumi la Mwisho la Ramadhani: Mambo Ambayo Kamati Zetu Zinapaswa Kuyajua



Miradi yetu mingi ya maji, afya na vikundi vya kuweka na kukopa ipo katika vijiji vya mwambao, ambako majirani zetu wengi na wanakamati wenzetu ni Waislamu. Kila mwaka kamati za sharika hutuuliza kwa nini kazi hubadilika mwendo katika mwezi wa Ramadhani, na hasa katika siku zake za mwisho. Wafadhili nao huuliza kwa nini taarifa ya robo mwaka hiyo huonyesha mikutano michache. Katika toleo hili tumeona ni vema tujibu kwa kirefu kidogo, na tunaanza na kosa letu wenyewe.

Kosa la asubuhi moja

Miaka kadhaa iliyopita tulipanga mkutano wa tathmini na kamati ya maji ya kijiji kimoja. Tulikuwa tumesikia kwamba usiku wa 27 wa Ramadhani ni usiku mkubwa kwa Waislamu. Tukajiona waangalifu tulipoweka mkutano saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ya mwezi huo, tukiamini kwamba watu wangemaliza shughuli zetu mapema, kisha wajiandae kwa ibada ya usiku.

Kati ya wajumbe 12 walifika watatu, nao macho yao yalikuwa mekundu. Tulisubiri chini ya mwembe hadi saa tano, tukaondoka. Jioni ile tuliandika katika rasimu ya taarifa kwamba mwitikio wa jamii ni hafifu. Maneno hayo machache yangeweza kukinyima kijiji awamu ya pili ya mradi, kwa sababu mwitikio ni mojawapo ya vigezo vya kuendelea.

Kabla rasimu haijatumwa, mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye umri wa baba zetu, alifika ofisini kuomba radhi kwa niaba ya wenzake. Tulipomweleza jinsi tulivyopanga, alitabasamu. "Wanangu," alisema, "usiku wa 27 ulikuwa umekwisha pita. Mlitukuta tumetoka kukesha."

Siku huanza magharibi

Katika kalenda ya Kiislamu siku huanza jua linapozama, hivyo usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa 27 ni usiku wa kuamkia tarehe 27, yaani ule unaoanza baada ya kufuturu saumu ya 26. Sisi tulihesabu kinyume. Wajumbe wetu walikuwa wamesimama msikitini kwa saa nyingi, wakarudi nyumbani kula daku, wakaswali alfajiri, ndipo wakalala. Saa tatu asubuhi ndiyo tuliyowaita.

Aidha, kalenda hiyo hufuata mwezi mwandamo. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka kulinganisha na kalenda tunayoitumia ofisini. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ilikuwa Machi 5, hivyo sisi na majirani zetu tuliingia katika majira ya toba kwa pamoja. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Wanaopanga miradi ya miaka mitano walikumbuke jambo hilo.

Saumu yenyewe

Ramadhani ni mwezi wa tisa, na saumu yake ni mojawapo ya nguzo tano za Uislamu. Ilifaradhishwa katika mwaka wa pili baada ya Mtume Muhammad kuhamia Madina. Kuanzia alfajiri hadi magharibi mtu hali, hanywi wala hakutani kimwili na mwenzi wake wa ndoa. Wagonjwa na wasafiri wanaruhusiwa kufungua na kuzilipa siku hizo baadaye. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wana ruhusa wanapohofia afya zao au za watoto wao. Mzee asiyeweza kabisa hulisha maskini kwa kila siku anayoikosa.

Lakini masheikh hufundisha kwamba tumbo ni mwanzo tu. Ulimi nao hufunga, usisengenye. Macho na mikono nayo hufunga. Lengo linalotajwa katika Qurani ni uchaji Mungu, na anayeshinda na njaa huku akiendelea kudanganya na kugombana huambiwa kwamba amepata njaa tu. Hapa msomaji wa Isaya sura ya 58 hatajiona mgeni.

Kwa nini kumi la mwisho?

Waislamu wengi huugawa mwezi katika makumi matatu: la rehema, la maghufira, na la kuachwa huru na moto. Kumi la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa ndani yake unatafutwa Lailatul Qadri, usiku wa cheo. Waislamu wanaamini kwamba katika usiku huo Qurani ilianza kuteremshwa kwa Mtume Muhammad katika pango la Hira, karibu na Makka, mnamo mwaka 610. Sura ya 97 ya Qurani, yenye aya tano tu, inauhusu usiku huo na kuutaja kuwa bora kuliko miezi 1,000. Miezi hiyo ni zaidi ya miaka 83, umri ambao wengi wetu hatuufikii. Mtu wa kawaida, mvuvi au mama muuza vitumbua, anaamini kwamba ibada ya usiku mmoja inaweza kuzidi ibada ya maisha mazima. Kwa imani hiyo, hakuna atakayependa kuukosa kwa sababu ya usingizi, wala kwa sababu ya mkutano.

Hata hivyo, hakuna anayejua kwa hakika ni usiku upi. Mafundisho yaliyoenea ni kuutafuta katika usiku wa witiri: wa 21, 23, 25, 27 na 29. Wengi wa mwambao huelekeza matumaini yao kwenye usiku wa 27, na Waislamu wa madhehebu ya Shia huzipa uzito usiku za 19, 21 na 23. Masheikh hueleza kwamba umefichwa ili watu wajitahidi katika usiku zote, wasichague mmoja na kulala zilizobaki.

Baada ya tarawehe, ambayo huswaliwa mwezi mzima, huongezwa kisimamo cha usiku wa manane. Baadhi ya wanaume hukaa itikafu, yaani huhamia msikitini kwa siku hizo kumi, wakiswali, wakisoma na kulala hapo hapo. Dua inayopendwa zaidi ni fupi, na Mtume anasimuliwa kuwa alimfundisha mkewe Aisha: ni kumwomba Mungu, apendaye kusamehe, asamehe. Katika siku hizo watu huendeana kuombana radhi na kulipana madeni. Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa tumeona marejesho yaliyochelewa yakiletwa wakati huo bila kukumbushwa.

Kumi hili lina mzigo wake pia, na sehemu kubwa huwaangukia akina mama. Wao hupika futari na kuamka kuandaa daku, nao wanataka kupata fungu lao la ibada. Mwezi unapokaribia kuisha kila kaya yenye uwezo hutoa Zakatul Fitri, takriban kilo mbili na nusu za chakula kwa kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga. Inapaswa kumfikia maskini kabla ya swala ya Idd, ili naye siku hiyo asiombe.

Kwa nini tunayaandika haya?

Wazee wa sharika wanaweza kuuliza kama ni kazi ya jarida letu kueleza imani ya wengine. Ni swali la haki. Tafsiri ya kwanza ya Qurani nzima kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na mmisionari wa Kianglikana huko Zanzibar, Godfrey Dale, na nia yake ilikuwa kuwaandaa walimu wa Kikristo kwa mabishano. Sisi tunajifunza kwa nia nyingine. Hatufichi tofauti zetu. Walutheri tunakiri kwamba tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani. Lakini amri ya kutomshuhudia jirani uongo inatuhusu pia tunapoandika taarifa za miradi. Ile rasimu yetu ilikuwa karibu na ushuhuda wa uongo, japo hatukukusudia.

Hivyo basi tunaziomba kamati zizingatie yafuatayo:

1. Kabla ya kupanga shughuli za Ramadhani, waulizeni wanakamati Waislamu wenyewe. Misikiti miwili ya kijiji kimoja inaweza kutofautiana kwa siku moja, kwa kuwa wengine hufuata mwandamo wa hapa nchini na wengine wa nchi nyingine.

2. Katika siku 20 za kwanza, kazi za mikono zifanyike asubuhi. Mikutano isivuke alasiri, kwa kuwa akina mama wanahitajika jikoni.

3. Katika kumi la mwisho msiitishe tathmini, uchaguzi wala semina. Zisogezwe hadi wiki ya pili baada ya Idd.

4. Mkialikwa kufuturu, nendeni. Fikeni kabla ya magharibi, mle kwa shukrani, na msiugeuze mwaliko kuwa mahali pa kutangazia mradi.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba uchache wa mikutano katika kipindi hicho usihesabiwe kuwa uvivu. Wavuvi huenda baharini wakiwa na saumu, na wakulima hulima.

Rasimu ile tuliifuta. Mkutano ulifanyika siku kumi baada ya Idd, na wajumbe wote 12 walikuwepo. Mwenyekiti aliufungua kwa kutuombea radhi sisi kwa wenzake, akisema kwamba wageni walikosea hesabu tu. Awamu ya pili iliendelea.