Uvimbe Usio Saratani, Wenye Kupofusha

Miongoni mwa maradhi ya ubongo yaliyo adimu mno umo uvimbe uitwao kraniofarinjioma, ambao asili yake tabibu Jakob Erdheim wa Vienna aliibainisha mwaka 1904: ni masalio ya chembe za mtoto angali tumboni, yaliyosalia karibu na tezi ya pituitari, chini kabisa ya ubongo. Si saratani, wala hausambai mwilini. Walakini pale ulipoketi ndipo penye hatari, kwani hapo hupita mishipa ya fahamu ya macho, na hapo imo tezi inayotawala kimo na balehe.

Basi mtoto wa Laela au Namanyere, mkoani Rukwa, aliyepatwa huumwa kichwa na kutapika asubuhi, hudumaa ilhali wadogo zake wanampita kimo, hunywa maji usiku kucha, na hujigonga bega kwenye miimo ya mlango, kwa sababu nuru ya pembeni imemtoka macho yote mawili. Nami nashikilia kwamba hata zahanati isiyo na umeme yaweza kumwokoa: mganga akae mkabala naye, amzibe jicho moja, kisha alete kidole polepole kutoka pembeni, mtoto asipokiona mpaka kifike karibu na katikati, na jicho la pili likawa vivyo hivyo, apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Picha ya CT scan huonyesha uvimbe wenye maji na chokaa. Hapo yataka hadhari, kwa kuwa katika Nyanda za Juu Kusini, wanakofugwa nguruwe wengi, mabuu ya tegu nayo huacha chokaa ubongoni. Ila hayo aghalabu hutawanyika na kuleta kifafa.

Upasuaji ni kazi ya mabingwa, kama wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Uvimbe ukitobolewa hutoka maji mazito ya hudhurungi kama oili ya injini, yanayometameta kwa chembe za kolesteroli. Kuung'oa wote kwa nguvu kumewaacha wengi na njaa isiyoshiba. Kwa hiyo mara nyingi hupunguzwa, na masalio yakapigwa mionzi, kama itolewayo katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, jijini humo.

Baadaye, tezi ile ikidhoofika, huenda mgonjwa akahitaji dawa ya homoni iitwayo haidrokotisoni aushi yake. Mama sharti aambiwe kabla hajapanda basi la kurudi Ufipa: mtoto akishikwa na homa kali, dozi huongezwa maradufu kwa maelekezo ya daktari, akitapika hata dawa isikae tumboni, hukimbizwa hospitali usiku huo huo akachomwe sindano, na dawa hiyo haikatizwi ghafla hata siku moja.