Kimbunga Ndani ya Kompyuta: Siku Chache za Kujiandaa

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kuutahadharisha umma. Mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga. Barabara ikikatika, dawa na wagonjwa hukwama pamoja.

Je, tahadhari hupatikanaje? Kompyuta huigawa anga katika miraba, kisha hukokotoa mabadiliko ya upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa katika kila mraba. Miraba yenye upana wa kilomita 9 huonyesha vizuri uelekeo wa kimbunga, lakini huufifisha ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho lake, penye upepo mkali kuliko kwingine. Kwa upana wa kilomita 3, ukuta huo huonekana bayana zaidi. Hata hivyo, idadi ya miraba huongezeka mara 9; na kwa kuwa hatua za muda nazo hufupishwa mara 3, kazi ya kompyuta huwa mara 27. Utabiri unaokamilika baada ya kimbunga kutua haumfai mtu.

Kwa hiyo wataalamu huweka miraba midogo palipo na kimbunga tu, nayo husogea pamoja nacho; kwingineko hubaki mikubwa. Ndivyo wodi zifanyavyo: mgonjwa mahututi huangaliwa kila saa, aliyetulia hupimwa asubuhi na jioni.

Nyololo, wilayani Mufindi, iko mbali na bahari, na vimbunga hudhoofika vikifika nchi kavu. Lakini mahitaji mengi ya kutoka pwani huifikia kwa barabara kuu iendayo Mbeya kupitia Iringa. Mhudumu asikiapo tahadhari, ahakiki akiba ya dawa, chanjo na pakiti za ORS, na awatambue wajawazito waliokaribia kujifungua. Mgonjwa wa kisukari, kifua kikuu au anayetumia dawa za VVU asingoje kidonge cha mwisho. Maji ya kunywa yachemshwe: baada ya Kimbunga Idai kuipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, kipindupindu kiliwapata watu zaidi ya 6,000.

Utabiri hubadilika kadiri vipimo vipya vinavyoingia. Basi fuateni taarifa ya karibuni kabisa.