Chakula cha mbwa: Picha ya nyama iko mbele, ukweli uko nyuma ya mfuko

Bosco alikuwa na miezi minne alipoanza kutembea kama mzee wa miaka 80. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda, na kila akishuka ngazi za ploti yetu analia. Nilidhani watoto wa jirani wamemgonga.

Nikambeba kwa nduthi hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari, mama wa makamo asiye na mchezo, hakugusa hata sindano. Aliuliza tu: "Kijana, huyu anakula nini?"

"Chakula cha duka, daktari," nikajibu kwa maringo. "Si mabaki. Nanunua unga wa mbwa pale agroveti, ule una picha ya nyama."

"Niletee mfuko. Na kabla uulete, soma nyuma."

Nyuma kulikuwa na maandishi madogo: mahindi, pumba za mahindi, pumba za ngano, mashudu ya alizeti, unga wa nyama, chumvi, rangi. Ile nyama niliyodhani nalipia ilikuwa nambari tano. Kalsiamu haikutajwa popote. Na pembeni, mahali sikuwahi kuangalia, waliandika kwamba ni chakula cha mbwa waliokomaa.

Daktari alinifafanulia polepole. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mtoto wa mbwa akikosa kalsiamu kwenye sahani, mwili wake unaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inalegea, miguu inapinda. Kumbe muda huo wote nilikuwa namshibisha Bosco huku namlemaza.

Tangu siku hiyo sitoi doh kabla sijageuza mfuko. Haya ndiyo ninayoangalia.

Nani yuko mbele kwenye foleni?

Viungo huorodheshwa kwa uzito, kuanzia kile kizito zaidi. Kwa hivyo vitu vitatu au vinne vya kwanza ndivyo chakula chenyewe. Vile vya mwisho, kama zile karoti na mitishamba wanazochora mbele, mara nyingi ni chembe tu.

Lakini kuna ujanja. Uzito huo ni wa kabla ya kupika. Nyama mbichi ya kuku ni maji kwa karibu asilimia 70. Ukiona "kuku" nambari moja kwenye chakula kikavu, kumbuka gramu 30 za kuku mbichi zikikauka zinabaki kama gramu 9. "Unga wa kuku", ambao tayari umekaushwa na kusagwa, unaweza kuwa nambari mbili na bado ulete protini nyingi kuliko huyo kuku wa mbele.

Ujanja wa pili ni kugawanya. Tuseme kwa kila gramu 100 kuna kuku gramu 25, mahindi 20, pumba za mahindi 15 na gluteni ya mahindi 10. Kuku anaonekana bingwa. Ukijumlisha ukoo wa mahindi unapata 45. Hicho ni chakula cha mahindi chenye harufu ya kuku.

Ana jina ama hana?

Mnyama atajwe. "Kuku", "maini ya ng'ombe", "unga wa samaki" ni majina unayoweza kushika. "Nyama na mazao ya wanyama" ni blanketi. Chini yake mtengenezaji anaweza kutumia mnyama mmoja mwezi huu na mwingine mwezi ujao, kulingana na bei sokoni. Kama mbwa wako ana mzio au tumbo lake ni la shida, hutajua kilichomchokoza.

Hata hivyo, usikimbie ukiona matumbo, mapafu au moyo. Mtu anayekula matumbo na ugali Burma hawezi kumwambia mbwa kwamba huo ni uchafu. Maini na moyo vina lishe kuliko mnofu mtupu. Shida ni pale ambapo hawasemi ni vya nani.

Mahindi si adui, ukungu ndio adui

Kuna mabazu mtandaoni wanaoapa kwamba mbwa ni mbwamwitu, nafaka ni sumu kwake. Si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba mbwa wa nyumbani wana nakala nyingi za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu. Ameishi na sisi, amezoea kula kama sisi. Na kulipa zaidi kwa sababu tu mfuko umesema "bila nafaka" si lazima uwe umepata kitu bora. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilianza kuchunguza ripoti za mbwa walioumwa moyo wakila vyakula hivyo, vingi vikiwa vimejaa njegere na dengu. Haijathibitishwa kwamba chakula ndicho chanzo, lakini hakuna sababu ya kukimbilia huko.

Cha kuogopa ni aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Sisi Wakenya tunaijua: mwaka 2004 iliua watu 125 kwetu, wengi kutoka Ukambani. Mbwa nao ni wepesi kudhurika. Mwishoni mwa 2005 kule Marekani, zaidi ya mbwa 100 walikufa baada ya kula chakula kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Na kupika hakuiondoi. Hata uchemshe uji wa mbwa saa mbili, sumu inabaki.

Ndio maana niliacha unga wa kupimiwa kutoka gunia lililo wazi. Gunia hilo halina orodha, halina tarehe, na hujui limenyeshewa mara ngapi. Ile bob 20 unayookoa kwa kilo si akiba.

Asilimia nazo zinadanganya

Chama cha maafisa wanaosimamia chakula cha mifugo Marekani, AAFCO, kinataka protini isiyopungua asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua, baada ya kuondoa maji. Hayo maneno ya mwisho ndiyo muhimu.

Chukua mkebe wenye protini asilimia 8 na maji asilimia 78. Unaonekana hafifu mbele ya chakula kikavu chenye protini 24 na maji 10. Sasa toa maji. Kwenye mkebe, 8 gawanya kwa 22 ni asilimia 36. Kwenye kikavu, 24 gawanya kwa 90 ni karibu 27. Mkebe umeshinda.

Lakini usiamini nambari bila kusoma viungo. Mwaka 2007 gluteni ya ngano kutoka China ilitiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwa sababu vipimo vya protini huhesabu naitrojeni na melamini ina naitrojeni tele. Kwenye karatasi protini ilipanda. Marekani Kaskazini, figo za mbwa na paka zikaharibika na mamilioni ya pakiti yakaondolewa madukani.

Sasa kama mfuko hauruhusu?

Najua wengi wetu hatuwezi kununua chakula cha kutoka nje kila mwezi. Hata mimi. Lakini hata kati ya vile vya bei nafuu kuna tofauti. Chagua mfuko uliofungwa, wenye nembo ya Kebs na tarehe. Tafuta neno "complete", maana yake chakula kinajitosheleza. Kikiandikwa "complementary", ni cha kuongezea tu. Hakikisha kinataja kalsiamu na vitamini, na umri wa mbwa wako.

Kikiwa kimepungukiwa na nyama, ongeza omena iliyochemshwa, yai au kipande cha maini. Usimpe pilau yenye vitunguu, ni sumu kwake. Na usimmiminie kalsiamu ya dukani kwa kubahatisha. Daktari alinionya kwamba ikizidi, hasa kwa mbwa wa mwili mkubwa, inaharibu mifupa ileile unayotaka kuokoa.

Bosco sasa ana mwaka na nusu. Anakimbia, anabweka ovyo, amewahi kula kiatu changu kimoja. Mguu wa kulia umenyooka. Wa kushoto umebaki na pinda kidogo, na daktari anasema hautanyooka tena.

Kila nikiuona nakumbuka kwamba orodha ilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Mbwa hajui kusoma. Mimi ndiye nilikuwa najua, na sikusoma.