Kelele za FM Bukoba na Muleba: fedha za tangazo zinapotelea wapi?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayelipia tangazo la redio mjini Bukoba ananunua masikio ya watu. Mnunuzi wa kahawa ya maganda anataka bei yake isikike Kamachumu kabla mshindani hajapita na gari. Mwenye barafu na nyavu anataka wavuvi wa Bumbire wajue mzigo umefika. Tangazo likipita wakati redio za Muleba zinavuma, au katikati yake ikaingia sauti ya Kiganda, ankara ya kituo haipungui hata senti.

Wengi hukimbilia kumlaumu fundi wa kituo. Mara nyingine wana haki, lakini si kila kelele inatoka mnarani, na anayelalamika bila kujua chanzo hurudi mikono mitupu.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Redio Tanzania Dar es Salaam haikuwa na mshindani wa ndani Tanzania Bara. Sheria ya Tume ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua soko, na Radio One ikaingia hewani mwaka 1994. Uganda nayo ilikuwa imeanza kuruhusu vituo binafsi wakati huohuo. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianza kule Ngara kwa ajili ya wakimbizi. Tangu hapo vituo vimeongezeka pande zote za mpaka, na wote wanagawana uwanja uleule, kati ya megahezi 87.5 na 108. Mgawanyo wa uwanja huo baina ya nchi na nchi unatokana na mpango uliopitishwa Geneva mwaka 1984.

Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, na umbile la dunia huyakata. Mnara wa mita 100 ukimtafuta msikilizaji mwenye eriali ya mita 10 katika nchi tambarare, upeo wake ni kilomita kama 54 hivi. Masaka iko kilomita 110 kutoka Bukoba, na Mwanza karibu 180. Kwa hesabu hiyo vituo vya huko visingetusumbua. Lakini mnara ukiwekwa juu ya mlima, upeo hurefuka sana, na ziwa halina kilima cha kuzuia. Tena usiku mtulivu na alfajiri, hewa ya joto inapolala juu ya hewa baridi iliyo karibu na maji, mawimbi hunaswa katikati na kusafiri mbali kama maji ndani ya bomba. Jua likipanda na upepo ukivuruga hewa, bomba linavunjika na mgeni anatoweka.

Redio ya FM, ikipata vituo viwili kwenye masafa yaleyale, haivichanganyi kwa usawa. Hushika chenye nguvu na kumnyamazisha mwenzake. Ndiyo maana msikilizaji aliye ufukweni, kilima kikiwa nyuma yake upande wa Bukoba, anaweza kupoteza kituo cha nyumbani ghafla na kupata taarifa ya habari ya jirani, huku ndugu yake aliye juu ya mwinuko wa Kamachumu akisikiliza bila taabu.

Kwa mfanyabiashara, ubaya uko kwenye saa. Alfajiri ndipo wanunuzi wa samaki na dagaa wanapofungua redio. Chukua mfano wa matangazo 20 kwa wiki, 10 ya alfajiri na 10 ya mchana. Kama yale ya alfajiri hayasikiki upande wa ziwa, kila tangazo lililosikika huko limemgharimu mlipaji mara mbili ya bei iliyoandikwa.

Kelele ya mvumo usio na maneno ni habari nyingine. Hiyo mara nyingi imezaliwa dukani kwa msikilizaji mwenyewe: balbu za LED za bei rahisi, chaja ya simu, inveta, au kile kisanduku cha kudhibiti chaji ya sola. Vyote hukata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na vikitengenezwa bila kichujio vinatapika hewani. Chukua redio ya betri, zima swichi kuu ya umeme, na chomoa sola pia. Mvumo ukikoma, rudisha kifaa kimoja kimoja hadi umpate mwizi. Usipokoma, huenda ni wa jirani. Ishike redio karibu na kifua, geuka taratibu, na angalia mvumo unapofifia zaidi: mwili wako umeukinga, kwa hiyo chanzo kiko mgongoni. Fanya hivyo sehemu mbili tofauti na uchore mistari. Panapokatana ndipo pa kubisha hodi. Ukikaribia, fupisha eriali.

Mjini Bukoba upo udanganyifu wa tatu. Karibu na minara, redio ndogo huzidiwa nguvu na kutunga vituo visivyokuwepo. Mnara mmoja ukiwa 95.4 na mwingine 92.2, redio inaweza kuleta mchanganyiko wao kwenye 98.6, maana 95.4 mara mbili ukitoa 92.2 inabaki 98.6. Fupisha eriali au sogea kilomita moja au mbili. Kikipotea, kosa ni la redio. Kikiendelea kusikika hata mbali, tena kwenye redio za aina tofauti, basi huenda mtambo wenyewe unachafua masafa, na hapo pana hoja ya kupeleka mbele. Uchafu wa namna hiyo haupuuzwi, kwa sababu juu tu ya 108 yanaanza masafa ya vyombo vya kuongozea ndege.

Malalamiko yanakwenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Barua isemayo “redio haisikiki” haimsaidii mkaguzi. Andika masafa, tarehe, saa, mahali, lugha iliyosikika na jina la kituo kama limetajwa, kwa siku saba mfululizo. Chanzo kikiwa ng'ambo ya mpaka, TCRA inalazimika kuzungumza na wenzao wa Uganda, na mazungumzo hayo hayaishi kwa wiki moja.

Kabla ya kusaini mkataba mpya wa matangazo, muulize meneja mauzo leseni ya kituo chake ni ya wilaya, ya mkoa au ya taifa. Mwenye leseni ya wilaya moja si lazima asikike vizuri wilaya ya pili, hata kama kadi ya bei imeandikwa “Kagera nzima”. Kisha peleka mtu mwenye redio ya kawaida Nshamba na mwingine ufukweni, wasikilize saa ileile unayotaka kuinunua. Alfajiri ya ziwani ikionekana haifai, omba tangazo lihamishiwe saa nne asubuhi au mchana, na bei ya saa hizo uipatane upya.